Kwa Kaka Aliyeturudisha Kutoka Ibaare

Kaka yangu Rwegasira,

Shikamoo. Najua hutaitikia, wala sikuandikii ili unijibu. Kifua changu kimekuwa kizito tangu msimu wa senene upite, na watu wa nyumbani wameanza kuteremsha sauti ninapoingia. Naelewa maana yake. Kwa hiyo nimeomba wino, nimekaa barazani penye jua, na herufi ni zilezile alizotufundisha baba juu ya ubao. Mwandiko umepinda kidogo, lakini unasomeka.

Ninalotaka kusema ni hili: nilikuchukia. Haikuwa chuki ya kugombana. Kila msafara ulipoondoka Tabora kuja Karagwe nilikuandikia, nikakuombea afya, nikawataja watoto wako mmoja mmoja kwa majina. Ulipokufa nilikuswalia. Lakini chini ya kila salamu palikuwa na ule ukingo wa mwamba uliponirudisha, na sikuwahi kukusamehe, kwa sababu hata kukulaumu nilikuwa nimekatazwa.

Barua hii naiacha wazi. Atakayeiokota na aisome. Kwa ajili yake itabidi niseme hata yale ambayo wewe unayajua, nawe utanivumilia.

Baba yetu alifika nchi hii na msafara kutoka pwani, akiwa na majora ya nguo na shanga. Alipanga duka katika kijiji cha wafanyabiashara karibu na Bweranyange, akamwoa mama, Mnyambo wa Nyakasimbi, na hakurudi tena pwani. Yeye alitupa Kurani na kalamu. Mama alitupa Ibaare.

Kwa lugha ya mama ibaare ni jiwe tu. Lakini watu wa ukoo wake wakisema Ibaare walikuwa na maana ya jabali moja, lile lililo mbele ya kijiji cha Rubwera, juu ya bonde la Kagera. Tangu kwa babu wa babu zake walikuwa wakilipanda kila mwaka masika yakiisha, kwenda kutazama nchi: nyasi zimeota wapi, mto umefurika wapi, vichaka vyenye mbung'o vimesogea hadi wapi. Wakishuka walisimama mbele ya wazee wakasema walichokiona. Walichokidhani hawakukisema. Wenye ng'ombe walihama au walibaki kwa kufuata maneno hayo.

Unakumbuka wafanyabiashara wenzake baba walivyomcheka? Mmoja alikuwa na tabia ya kuja dukani na kusema, "Wanao wanaparamia majabali kama nyani, wewe umekaa tu?" Baba hakuacha hata kupima nguo. "Nyani hapotei njia," alisema. "Wewe juzi ulipotea ukitoka kisimani." Na yule mwingine aliyesema kwamba kuomba ruhusa kwa watunza mlima ni kufuru, baba alimwambia kubisha hodi kwenye nyumba ya mtu hakumtoi Mwislamu katika dini yake.

Kubisha hodi ndiko kulikokuwa kwanza. Pale chini ya Ibaare aliishi bibi mtunza mlima, na hakuna aliyepita bila kukaa mbele yake na kupewa buni za kutafuna. Aliuliza maneno yaleyale miaka yote.

"Mnakwenda kufanya nini?"

"Kutazama."

"Mtachukua nini?"

"Hatuchukui."

"Mtaacha nini?"

"Hata ganda la buni hatuachi."

Nasi kweli hatukuacha. Tulishuka na maganda yetu yamefungwa katika jani la mgomba. Juu kule haukuwashwa moto, haukupasuliwa mzinga, halikugeuzwa jiwe. Mama alisema mlima una wenyewe, na sisi kuzoea kuupanda hakukutufanya kuwa wenyewe.

Lakini kanuni kubwa kuliko zote ilikuwa ile ya neno. Katika kila safari mtu mmoja alikabidhiwa neno, naye alitembea nyuma kabisa. Neno lenyewe ni "tugaruke", yaani turudi. Akilisema, wote hugeuka palepale, hata kama kilele kiko umbali wa kutupa jiwe. Hakuna kubishana. Na hakuna kuuliza sababu, siku hiyo wala siku nyingine, mpaka kufa. Mwenye neno naye haruhusiwi kuieleza. Mama alilishika neno hilo miaka mingi baada ya baba yake, kisha macho yake yalipoanza kufifia kwa mbali akakupa wewe.

Mimi nilikuwa napanda vizuri. Hili nalisema bila kujisifu, maana wewe mwenyewe ulilisema. Kwenye majabali madogo ya Nyakasimbi, tulipokuwa watoto, nilikuwa nakutangulia na kukungoja juu nikiwa nimeshapoa. Lakini Ibaare sikuwahi kufika kileleni. Mwanamke mwenye mtoto mgongoni au tumboni hapandi, na mimi niliolewa mapema, nikazaa, nikanyonyesha, nikazaa tena. Kila masika yakiisha niliwaona mkifunga mizigo nami nikabaki nakanda unga. Sikulalamika, kwa kuwa nilijua zamu yangu ipo.

Ilifika katika mwaka uliofuata sotoka. Ng'ombe walikuwa wamekwisha, na pale ambapo zamani asubuhi ilikuwa mlio wa ndama palikuwa kimya. Mtoto wangu wa mwisho alikuwa ameacha ziwa. Biashara ilikuwa imeanguka na mume wangu alikuwa ameamua tuhamie Tabora baada ya mavuno. Nilimwambia mama, "Mgongo wangu sasa ni mtupu."

Mama akasema, "Basi uje nao kabla hawajauhamisha."

Tulikwenda watano: mama, wewe, mimi, na watoto wawili wa mjomba, Kaijage na Bitegeko. Nakumbuka ulivyokuwa mchangamfu njiani.

"Ukianguka," uliniambia, "shemeji atanidai mke mwingine."

"Atadai kijana zaidi. Kwa hiyo sianguki, nisimpe faida."

Kaijage alicheka mpaka akameza buni yake nzima.

Ulikuwa mchana mweupe baada ya mvua ya usiku. Tulipopanda nusu, mama alituonyesha upande wa machweo, na mbali sana, ng'ambo ya nchi ya Rwanda, ilionekana milima ya Mfumbiro, myembamba kama moshi uliosimama. Mama alisema kutoka kileleni inaonekana yote, na chini yake inaonekana hata rangi ya misitu. Nilikaza mwendo.

Tukafika Mlangoni. Kwa msomaji asiyepajua: ni ukingo mwembamba, mwamba uko bega la kulia, bonde lote liko bega la kushoto. Unautembea, unapinda kona, na baada ya kona, waliofika husema, ni nyasi za mteremko mpole tu hadi juu. Mama alikuwa mbele, nyuma yake Kaijage, kisha mimi, Bitegeko, na wewe mwisho. Mama aliomba maji, akanywa, akarudisha kibuyu. Nilikuwa nimeweka mkono wa kulia kwenye mwamba, naihisi baridi yake.

"Tugaruke," ulisema.

Hukupaza sauti. Mama aligeuka papo hapo, kama mtu aliyeitwa jikoni. Nilikutazama usoni. Hapakuwa na kitu usoni pako. Nilitazama juu, hapakuwa na wingu. Hapakuwa na upepo wala chui wala jiwe linaloporomoka. Niligeuka kama kanuni inavyotaka, nikashuka, na sikufungua kinywa mpaka Rubwera.

Mbele ya wazee ulisimama ukasema, "Hatukuona." Nao wakajibu kama ilivyo desturi, "Asanteni kwa kurudi." Baada ya mavuno nilikwenda Tabora.

Kaka, nilikuwa na miaka mingi ya kuifikiria siku ile, na nilikuwa mtu niliyefundishwa kupanga hoja. Kwanza nilidhani uliona alama ya mnyama. Lakini ungeona mnyama ungetutangulia kushuka, nawe ulitupisha wote ukabaki nyuma. Kisha nikadhani ulihisi mvua. Haikunyesha siku hiyo wala ya pili yake. Hoja zote zilipokwisha ilibaki moja, na hiyo ndiyo niliyoilea: kwamba hukupenda nikufikie. Nilikuwa nakushinda Nyakasimbi, na Ibaare ilikuwa ndiyo mahali pekee ulipobaki mbele yangu, nawe ulikuwa na neno mkononi. Niliitazama hoja hiyo kila upande na sikuona ufa.

Ulikuja Tabora mara moja. Tulikaa uani tunakunywa kahawa, watoto wametoka, wewe umeshaanza kuwa na mvi kidevuni. Kisha ukasema, "Dada, siku ile ya Ibaare..."

Nami nikasema, "Kaka, nikuongezee kahawa?"

Ulinitazama, ukasogeza kikombe. Sikufanya vile kwa ajili ya kuilinda kanuni. Nilikuwa nimeshakuhukumu, na mtu aliyeshahukumu hapendi kusikia shahidi. Hilo ndilo la kukiri, na nimelikiri.

Nilirudi Bweranyange nikiwa mjane, wewe ukiwa umeshazikwa. Nyumba yako ilinipokea vizuri. Mwanao Yusufu alinipa chumba kinachopata jua la asubuhi. Na hapo ndipo nilipomjua mjukuu wako Kemilembe. Ni mrefu, ulimi mkali, na anapopita penye ukuta wa mawe anaugusa kwa kiganja. Nilipoona hivyo nilijua ana ugonjwa wetu.

Mwaka jana katika kiangazi walipita wageni wapima ardhi, na minyororo yao na vijiti vyao vya rangi. Walipanda Ibaare bila kubisha hodi kwa mtu. Waliposhuka, wachungaji wa mbuzi walisema wameacha huko juu makopo ya nyama, vioo vya chupa na kitambaa juu ya mti. Kemilembe aliingia chumbani kwangu bila hata salamu.

"Bibi, wameacha makopo Ibaare."

"Shikamoo," nikamwambia.

"Shikamoo. Wameacha makopo!"

Kwa hiyo safari ya mwaka huu haikuwa ya kutazama tu. Ilikuwa ya kuteremsha uchafu wa watu wengine. Shida ilikuwa neno. Tangu ulipokufa Yusufu ndiye aliyelishika, lakini goti lake limekataa milima. Watu wa nyumbani walikaa uani kuzungumza, nami nikiwa ndani nikiwasikia. Kemilembe alisema neno apewe Bibi.

"Bibi hafiki hata kisimani," mmoja akasema.

"Nani kasema mwenye neno awe na miguu? Tutambeba kwa machela."

"Na tangu lini neno likashikwa na mwanamke?"

"Babu alipewa na nani?" aliuliza yule msichana. "Si na mama yake? Au alipewa kitu ambacho mtoaji hakuwa nacho?"

Watu husahau upesi sana yale wasiyopenda kuyakumbuka. Yusufu alicheka peke yake, akasema, "Huyu akiolewa mume atahitaji wakili." Nao wakakubali.

Maana ataolewa, kaka. Posa imeshapokewa na harusi ni baada ya mavuno ya ulezi, ng'ambo ya Rubwera. Unajua kinachofuata. Watoto, na kanuni ya mgongo. Alikuwa na safari hii moja, kama mimi nilivyokuwa na moja. Alikuja jioni ile kunisugua miguu mafuta na alikuwa anaimba.

Tulipanda nikiwa nimelala kwenye machela, vijana wanne wa nyumbani wameichukua mabegani, Kemilembe mbele na kikapu kikubwa mgongoni. Kwa kuwa mwenye neno hukaa nyuma, mimi na wabebaji wangu tulikuwa mwisho. Walikuwa wanatania njia nzima.

"Bibi ni mzito kuliko anavyoonekana!"

"Ni vitabu alivyosoma, bado vimo ndani."

"Bibi, teremsha hata sura moja tupumzike."

Niliwaambia nitateremsha ile inayohusu wavivu. Chini ya mlima yule bibi wa zamani hayupo tena, lakini binti yake alikuwa amekaa palepale, na buni zake katika bakuli lilelile la mti.

"Mtachukua nini?" alimwuliza Kemilembe.

"Makopo."

Yule mama alicheka mpaka akashika mbavu. "Hayo," akasema, "chukueni yote."

Hewa ilikuwa safi. Mfumbiro ilionekana. Nilijiambia kwamba nitafika, kwa miguu ya watu wengine, na kwamba hilo litatosha. Nilijiambia pia kwamba nikifika nitakushinda, kaka, na sioni sababu ya kuficha kwamba wazo hilo lilinipendeza.

Mlangoni walisimama kupumua kabla ya kuingia ukingoni. Kemilembe alikuwa ameshatangulia, kiganja chake juu ya mwamba, kona iko mbele yake. Wale wanne bado walikuwa wanataniana. Na hapo, nikiwa nimelala kimya, nilihisi machela inatetemeka.

Haikuwa machela nzima. Ilikuwa pembe moja. Nilidhani ni uzito, nikangoja mbebaji wa pembe ile apumzike. Walikuwa wamesimama tu, na bado ilitetemeka, mtetemo mdogo wa haraka, kama mshipa unaopiga. Niligeuza jicho. Alikuwa anacheka na wenzake, mdomo wazi, na macho yake yalikuwa yamekwama kule bondeni, na jasho limemtoka mpaka shingoni. Ni kijana ambaye hakuna aliyewahi kumwona akiogopa kitu. Asingesema. Angeingia kwenye ukingo ule huku akicheka, na bonde liko begani kwake, na sisi wote tumeungana naye kwa machela moja.

Ningeweza kusema abadilishwe. Lakini nani asingejua, nikimtaja? Mpaka anazeeka angeitwa kwa jina la siku hiyo. Ningeweza kusema waniweke chini waendelee. Angeendelea pamoja nao, akiwa wa kwanza kujitolea.

"Tugaruke," nikasema.

Ndipo nilipoelewa, kaka, na sikuelewa kwa akili, nilielewa kwa mgongo uliokuwa juu ya ile machela. Kwa nini mwenye neno hutembea nyuma: ni ili awaone watu. Aliye mbele anaona njia, yeye anaona migongo, visigino, mikono. Na kwa nini sababu haiulizwi. Nilitafuta sababu yako angani na mwambani miaka yote hiyo, na haikuwa huko. Mlima hauna haja ya kufichiwa siri. Chui angetajwa, wingu lingetajwa, na hakuna ambaye angeona haya. Jibu la swali lile siku zote ni jina la mtu.

Kemilembe aligeuka. Alinitazama kama nilivyokutazama, na najua alikiona kilekile nilichokiona mimi, yaani hakuna kitu. Alipita pembeni ya machela, kikapu kitupu mgongoni. Wale wanne walinigeuza. Tulipokuwa tumeshuka mbali na ukingo ile pembe ilitulia.

Mbele ya wazee nilisaidiwa kusimama nikasema, "Hatukuona." Walijibu, "Asanteni kwa kurudi," lakini nilisikia mtu nyuma akinong'ona kwamba ndiyo matokeo ya kumpa neno bibi kizee. Siku ya pili wabebaji walikuja uani kula ndizi, na wote wanne walijisifu.

"Bibi katukatisha! Mimi nilikuwa na nguvu ya kupanda mara mbili."

"Mimi ningekupeleka mpaka Mfumbiro, Bibi, na chenji ingebaki."

"Aliona bonde akaogopa. Sema kweli, Bibi!"

"Uzee, wanangu," nikasema. "Mnisamehe." Walicheka, wakanipa ndizi iliyoiva zaidi.

Kemilembe hakucheka. Walipoondoka alikuja na uji wangu, akauweka, akabaki amesimama.

"Niliwaambia mwanamke anaweza," alisema. "Sasa wanasema mwanamke akipewa neno hulitumia kwa woga."

"Nimewasikia."

"Wewe hukuogopa. Nilikuona usoni, hukuogopa. Basi niambie mimi tu. Sitamwambia mtu."

Nilikunywa uji. Ulikuwa wa moto na sikuungoja upoe.

"Makopo bado yako kule juu," alisema. "Na mimi naolewa."

Kaka, ni hapo nilipojua ulichokibeba ulipoendelea kunywa ile kahawa ya Tabora. Kulisema neno pale mlimani ni kazi ya mara moja. Kinachobaki ni kukaa mbele ya mtu unayempenda, anakuomba kitu kidogo, una kitu hicho mdomoni, na unaendelea kunywa.

Nilimwambia akae. Hakukaa. Nilimwambia kwamba neno nampa yeye, tangu siku hiyo, na kwamba Yusufu ameshakubali. Mwenye neno anaweza kulishika hata akiwa ameolewa, na siku mgongo wake ukiwa mtupu atakwenda nalo.

"Silitaki," alisema. "Ni neno la kuwarudisha watu bila sababu."

"Lichukue hivyohivyo."

Alichukua bakuli tupu kutoka mikononi mwangu, kwa adabu, kwa mikono miwili. "Nimelichukua," alisema, kama mtu anayepokea mzigo kwa mtu aliyemkasirikia. Tangu hapo ananihudumia vizuri sana na hasemi nami zaidi ya salamu. Sitaishi kuona hilo likibadilika. Siku moja atasimama nyuma ya watu, atawatazama migongo, na hatahitaji kuambiwa.

Najua kwamba kwa kuandika haya nimeivunja kanuni nusu. Nimesema ni mtu, sikusema ni nani. Jina halimo humu, na atakayelitafuta kati ya wale wanne asijisumbue, nimeandika kwa makini. Naye mwenyewe akisomewa, ajue sikumpunguzia heshima hata chembe.

Limebaki la kwetu. Siku ile Mlangoni tulikuwa wanne mbele yako. Nimemfikiria mama, aliyeomba maji pale, yeye ambaye hakuwa na desturi ya kunywa mlimani. Nimewafikiria Kaijage na Bitegeko. Na nimejifikiria mimi. Nilikuwa nimeweka mkono kwenye mwamba na kuuacha hapo, na watoto wangu huniambia kwamba ninapoogopa sisemi, nakazana tu. Nilikuwa nimekazana sana siku ile, kaka. Nimekaa na wazo hilo tangu tuliposhuka na halinisumbui kama nilivyotarajia.

Basi kwaheri kwa sasa. Nadhani hatutakaa mbali kwa muda mrefu. Tukikutana nitakuamkia, nitakaa chini karibu nawe kama zamani, na nitafurahi kukuona. Usiniambie alikuwa nani.

Ni mimi, mdogo wako wa tumbo moja.